Maziwa ya Fisi na Muhuri wa Paka

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na kibuyu!

Ndani ya kibuyu?

Maziwa!

Na ndani ya maziwa?

Ehee! Mmenyamaza. Hata ninyi hamjui, na mfalme naye hakujua, na ndiyo maana tuna hadithi. Sogeeni basi. Kila mmoja achukue hindi lake apukuchue, maana kwangu hakuna hadithi ya bure. Mikono ifanye kazi, masikio yasikilize. Na wewe unayetafuna badala ya kupukuchua, nakuona.

Zamani, zamani sana, kabla bibi yake bibi yangu hajaota jino la kwanza, wanyama walikaa katika Bonde la Nyasi Ndefu. Walikuwa na mfalme wao, Simba. Walikuwa na mto wao. Walikuwa na soko lao, kila Jumatano. Simba aliwala wachache, na waliobaki walimshukuru kwa kutowala. Ndivyo serikali ilivyokuwa siku hizo. Siku hizi sijui, mtaniambia ninyi mliosoma.

Katika bonde hilo alikuwako Bi Ng'ombe, muuza maziwa pekee wa soko lile. Mumewe alikuwa amekufa, na sitasema nani alimla, tusije tukaanza ugomvi. Alibaki na ndama wake mmoja, mchanga, miguu bado inagongana. Kila Jumatano Bi Ng'ombe alijikamua, akatia maziwa katika kibuyu alichoachiwa na mama yake, akaenda sokoni kubadilishana na chumvi.

Kibuyu kile hakikuwa cha hivi hivi. Kabla ya kutia maziwa, Bi Ng'ombe alichukua kijiti cha mzeituni pori, akakichoma mpaka kikawa kaa jekundu, akakitumbukiza ndani ya kibuyu, akasugua, akasugua, moshi ukatoka mdomoni. Kisha akakung'uta majivu. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na mama yake alifundishwa na mama yake. Moshi unaua uchafu. Maziwa ya kibuyu kilichofukizwa hayaozi. Yakikaa sana yanaganda tu, na yana utamu wa peke yake. Tena yana vidoa vyeusi vya masizi, vidogo kama mbegu za mchicha. Anayeyajua maziwa akiviona vidoa vile anafurahi, anajua kibuyu kimetunzwa.

Mama Kanga, mpika chai wa soko, mama wa vifaranga kumi na wawili, hakukosa maziwa yale Jumatano hata moja. "Bi Ng'ombe shoga yangu," alikuwa akisema, "maziwa yako hata mgonjwa akiyanusa anaamka kitandani."

Sasa sikilizeni balaa lilikotoka.

Siku moja mtoto wa Simba aliumwa tumbo. Alilia, akagaagaa, akaharisha mpaka walinzi wakahama mlangoni. Alikuwa amekula paja la pundamilia lililolala juani siku nne. Kila mmoja katika jumba la mfalme alijua. Lakini nani atamwambia Simba kwamba nyama ya jikoni kwake imeoza? Wewe? Mimi simo! Wakatazamana, wakatazamana, mmoja akasema, "Labda ni maziwa." Wote wakaitikia, "Ni maziwa! Ni maziwa!"

Simba akapanda juu ya jiwe, akanguruma. "Kuanzia leo, maziwa yote ya nchi hii ni lazima yawe safi!"

"Safi namna gani, Mtukufu?" akauliza Mama Kanga.

Swali zuri. Tatizo ni kwamba Simba hakuwa ameonja maziwa tangu alipoachishwa ziwa. Akajikuna shingo. Akatazama huku, akatazama kule. Akamwona yangeyange, yule ndege mweupe, amesimama mgongoni mwa Bi Ng'ombe anadonoa kupe.

"Meupe kama yule!" akasema Simba. "Maziwa yasiyo meupe kama unyoya wa yangeyange ni machafu!"

Papo hapo ikawa sheria. Kosa la kwanza, maziwa yanachukuliwa. Kosa la pili, maziwa yanachukuliwa na mwenyewe anaaibishwa mbele ya soko zima. Kosa la tatu, kibuyu kinapasuliwa, na mwenyewe anahamishiwa Kilima cha Mawe, yeye na wanawe. Kilima cha Mawe mnakijua? Jina lenyewe limeshasema. Hapaoti nyasi pale, hapaoti hata mwiba. Ndama mchanga akipelekwa kule hamalizi wiki mbili.

Na nani atasimamia sheria? Simba akauliza, "Nani katika nchi hii anayajua maziwa kuliko wote?"

"Mimi," akasema Paka.

Hakuna aliyebisha. Kwa kweli Paka anayajua maziwa. Basi wakamfanya Mkaguzi Mkuu wa Usafi wa Maziwa. Wakampa ofisi, wakampa muhuri, wakampa unyoya wa yangeyange wa kupimia. Yangeyange mwenyewe hakuulizwa, alinyofolewa tu. Mnacheka? Wenzenu siku ile walipiga makofi.

Jumatano ya kwanza Paka akaweka meza yake kwenye lango la soko. Bi Ng'ombe akaja, kibuyu kimejaa.

"Shikamoo, Bwana Mkaguzi."

"Marahaba. Weka kibuyu hapo. Sampuli ya kwanza, ya ofisi." Paka akamimina bakuli, akalamba lote. Lap, lap, lap.

"Sampuli ya pili, ya kuhakikisha." Lap, lap, lap.

"Sampuli ya tatu, ya kumbukumbu." Lap, lap, lap.

Akafumba macho, akatoa ule mgurumo wa raha kooni. Kisha akakumbuka kazi. Akachukua unyoya, akauweka kando ya maziwa. Unyoya mweupe pe. Maziwa yana vidoa vyeusi vinaelea juu.

"Eh! Hii nini?"

"Ni masizi ya kibuyu, Bwana Mkaguzi. Nimekifukiza. Huo ndio usafi wenyewe."

"Mama, usinifundishe kazi. Cheusi ni cheusi. Maziwa haya ni hatari kwa watoto wa taifa. Serikali inayachukua, inakwenda kuyamwaga."

"Lakini mwenyewe umekunywa bakuli tatu!"

"Nimejitoa mhanga," akasema Paka, akajifuta masharubu. "Kosa la kwanza. Ondoka!"

Bi Ng'ombe akarudi nyumbani bila maziwa, bila chumvi, anaimba. Nanyi muimbe, msikae kama magunia:

*Kibuyu changu, kibuyu cha mama,*
*Ulikwenda umejaa, unarudi mtupu!*
*Kanywa nani? Kanywa nani?*
*Kanywa, na mdomo kafuta!*

Haya. Maziwa yale yalimwagwa? Ngoja.

Nyuma ya ofisi ya Paka alikuwa amekaa Fisi, na pipa. Wiki ile ile Fisi alikuwa amefungua genge la maziwa. Fisi! Fisi ambaye hajawahi kuwa na ng'ombe isipokuwa tumboni. Na soko zima, na serikali nzima, hakuna hata mmoja aliyemuuliza, "Bwana Fisi, unakamua nani?"

Paka akaondoa fungu lake kwanza, akalificha chini ya meza ya ofisi, maana hakuwa mjinga wa kunywa yale yatakayouzwa. Yaliyobaki akamimina ndani ya pipa. Fisi akaongeza maji ya mtoni, pale wanapooga ngiri. Maziwa yakawa mepesi, yana rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Akatia unga wa muhogo. Akakoroga kwa mkono, na mkono wa Fisi mnajua umeshika nini tangu asubuhi. Kibuyu kimoja kikawa sita.

Paka akaleta unyoya. Unyoya mweupe pe, maziwa meupe pe. Masizi yamezama ndani ya unga, hayaonekani. Paka akainua muhuri. Pa! MAZIWA SAFI.

"Mapya! Mapya! Yana muhuri wa serikali!" Fisi akapiga kelele, na wanyama wakapanga foleni.

Mama Kanga naye akapanga, angefanyaje, hakukuwa na mengine. Akawapa wanawe. Jioni vifaranga wakavimba matumbo. Siku ya pili wakashindwa kusimama. Siku ya tatu kumi na wawili wakawa kumi na mmoja. Mama Kanga alilia mpaka sauti ikakauka, na ndiyo sauti ile ile ya kukwaruza mnayoisikia kwa kanga hadi leo. Akaenda ofisini kwa Paka.

"Mwanangu amekufa kwa maziwa ya Fisi."

Paka akafungua kitabu, akakifunga. "Maziwa ya Fisi yana muhuri. Yenye muhuri hayaui. Mtoto wako amekufa bila kufuata utaratibu."

Jamani! Kuna viumbe wana moyo mgumu. Tuendelee, nisije nikakasirika nikaacha.

Jumatano ya pili Bi Ng'ombe akajitahidi. Alikifukiza kibuyu kama kawaida, kuacha hawezi, ila maziwa akayachuja kwa kitambaa mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka pasibaki hata kidoa kimoja.

"Shikamoo, Bwana Mkaguzi."

"Marahaba. Sampuli ya kwanza, ya ofisi." Lap, lap, lap. "Ya pili, ya kuhakikisha." Lap, lap, lap. "Ya tatu, ya kumbukumbu." Lap, lap, lap.

Akaweka unyoya. Akatazama. Akatafuta kidoa, hakuna. Akatafuta tena, hakuna. Akakodoa macho.

"Haya yana umanjano," akasema.

"Ni siagi hiyo, Bwana Mkaguzi. Nimekula majani mabichi."

"Kwa hiyo unakiri! Yangeyange ana siagi? Kosa la pili. Panda juu ya kisiki pale."

Bi Ng'ombe akapanda juu ya kisiki, mtu mzima yule, na soko zima likaamriwa kumwambia, "Mchafu! Mchafu! Mchafu!" Wengine walisema kwa sauti, wengine kwa kuchezesha midomo tu. Ndama wake alikuwa kando ya lango, anasikia. Hilo ndilo lililomuuma mama kuliko yote.

"Jumatano ijayo ni Siku ya Maziwa Safi," akasema Paka. "Mfalme mwenyewe anakuja kunywa chai. Na usidhani utakaa nyumbani. Muuzaji asiyekuja sokoni anaficha uchafu, na hilo nalo ni kosa. Ukikosea tena, kibuyu tunapasua, na wewe na ndama wako mnakwenda Kilima cha Mawe."

Bi Ng'ombe akashuka. Akapita mbele ya genge la Fisi. Ghafla akasimama. Akanusa. Akanusa tena. Moshi! Moshi wa mzeituni pori, moshi wa kibuyu cha mama yake, unatoka ndani ya pipa la Fisi.

"Hata mimi nimeunusa, shoga," Mama Kanga akamnong'oneza. "Nilidhani ni msiba umenivuruga akili."

Bi Ng'ombe akarudi kwa Paka. "Bwana Mkaguzi, maziwa anayouza Fisi ni yangu. Yananukia kibuyu changu."

"Una ushahidi?"

"Pua yangu."

"Pua si kipimo cha serikali," akasema Paka. "Kipimo ni unyoya. Nenda zako."

Akaenda, anaimba. Imbeni:

*Kibuyu changu, kibuyu cha mama,*
*Ulikwenda umejaa, unarudi mtupu!*
*Kanywa nani? Kanywa nani?*
*Kanywa, na mdomo kafuta!*

Bi Ng'ombe alikaa siku tatu hacheui vizuri. Akimtazama ndama, anaona mawe. Akitazama kibuyu, anaona vipande. Siku ya nne, anacheua polepole mchana, akajisemea, "Nikipeleka maziwa, wanayachukua, Fisi anauza. Nikipeleka mengi, anauza mengi. Nikipeleka machache, anauza machache. Je, nisipopeleka kitu, atauza nini?"

Akaacha kucheua. Akarudia, "Atauza nini?" Kisha akacheka, na ng'ombe kucheka si jambo la kila siku.

Jumatano ya tatu alfajiri alimwita ndama wake. "Mwanangu, leo nyonya. Nyonya yote." Ndama akanyonya, akanyonya, tumbo likawa duara, akaanguka chini kwa kushiba. Bi Ng'ombe akachukua kibuyu, akakifukiza vizuri, akakibeba kitupu, akaenda sokoni na mwanawe.

Soko limepambwa. Simba ameketi kwenye kiti, na malkia, na mwanawe aliyeumwa tumbo. Mama Kanga amewasha moto, mafiga matatu, sufuria kubwa juu yake.

"Shikamoo, Bwana Mkaguzi."

"Marahaba. Sampuli ya kwanza..." Paka akainamisha kibuyu. Hakikutoka kitu. Akakipindua, hakikutoka kitu. Akaingiza ulimi ndani, ukarudi mkavu.

"Maziwa yako wapi?"

"Hayapo. Leo sina maziwa machafu hata tone."

Paka akapekua kitabu. Kitabu kizima cha sheria hakikuwa na neno juu ya kibuyu kitupu. Akachungulia ndani ya kibuyu, akaona kuta nyeusi. "Kibuyu kina masizi! Kosa la tatu! Keti pale na ndama wako. Mfalme akishakunywa chai, atakipasua kwa mkono wake mwenyewe."

Bi Ng'ombe akaketi. Akamvuta ndama wake karibu.

Mara Fisi akatoka nyuma ya ofisi, mbio, akamnong'oneza Paka. "Mkaguzi! Pipa halina kitu! Maziwa yako wapi?"

"Hakuna. Yule mama kaja mtupu."

"Na chai ya mfalme?"

"Si una maji?"

"Ninayo."

"Si una unga?"

"Ninao."

"Basi kuna shida gani?" akasema Paka.

Fisi akarudi nyuma ya ofisi, akajaza pipa maji ya mtoni. Akatia unga wa muhogo, kikapu cha kwanza, kikapu cha pili, kikapu cha tatu. Akakoroga. Pipa likaletwa mbele ya mfalme na umma wote, Paka akaleta unyoya. Unyoya mweupe pe. Pipa jeupe pe pe pe.

"Mtukufu," Paka akatangaza, "tangu nianze kazi hii sijaona maziwa safi kama haya. Hayana masizi. Hayana umanjano. Hayana hata siagi!" Pa! Akagonga muhuri, na umma ukapiga makofi.

Mama Kanga akayapokea. Akayamimina kwenye sufuria. Akatia majani ya chai, akatia tangawizi, akachochea moto. Yakaanza kupata joto. Mama Kanga akakoroga. Yakawa mazito. Akakoroga. Yakawa mazito zaidi. Akakoroga kwa mikono miwili. Yakaanza kutoa mapovu makubwa, pwaa, pwaa. Mwishowe akaachia mwiko, na mwiko ukabaki umesimama peke yake katikati ya sufuria.

Mama Kanga akachota, akajaza kikombe cha mfalme, akakipeleka kwa magoti mawili.

Simba akainua kikombe. Akainamisha. Chai haikuja. Akainamisha zaidi. Haikuja. Akakipindua juu chini, mbele ya nchi nzima, akakitikisa. Chai haikumwagika.

Hakuna aliyethubutu kucheka.

"Baba," akasema mtoto wa Simba, "huu si uji wa muhogo?"

"Ni maziwa mazito, Mtukufu!" Paka akaruka. "Ubora wa juu kabisa! Yana muhuri!"

Simba akamgeukia Fisi. Na hapo, kwa mara ya kwanza, mtu akamuuliza Fisi swali ambalo wangemuuliza siku ya kwanza.

"Fisi, ng'ombe wako yuko wapi?"

"Hi hi hi... malishoni, Mtukufu."

"Ana rangi gani?"

"Hi hi hi... ya yangeyange, Mtukufu."

"Ana pembe ngapi?"

Fisi akahesabu kwa vidole. "Hi hi hi... tatu?"

Ndipo soko likapasuka kwa kicheko. Lakini Bi Ng'ombe hakucheka. Alisimama, akaenda mbele ya mfalme, ndama nyuma yake.

"Mtukufu, Jumatano ya kwanza nilileta maziwa, Paka akayachukua, Fisi akauza maziwa. Jumatano ya pili nilileta maziwa, Paka akayachukua, Fisi akauza maziwa. Leo sikuleta, na Fisi kauza uji. Niambie, Mtukufu, Fisi anamkamua nani?"

"Uongo!" Paka akalia. "Maziwa yake yote nimeyamwaga! Nina kumbukumbu!"

"Kumbukumbu ziko wapi?" akauliza Mama Kanga, na bila kungoja ruhusa akaingia ofisini, akapiga mbawa chini ya meza. Akatoka anaviringisha chungu, kisha chungu cha pili. Kila chungu kina muhuri mzuri, wazi, wa serikali: YAMEMWAGWA.

Wakafunua. Vimejaa maziwa ya mgando, ya wiki moja na ya wiki mbili. Hayajaoza. Yananukia moshi wa mzeituni pori, na soko zima likameza mate.

Wote wakamgeukia Paka. Alikuwa anajiramba masharubu upande huu, anajiramba upande ule, haraka haraka, kwa sababu asubuhi ile kabla ya kazi alikuwa amelamba kidogo katika chungu, na masharubu yalikuwa bado yana maziwa.

"Mtukufu," akasema Bi Ng'ombe, "mwanangu ameniachia kidogo. Nikamue hapa hapa uone."

Akajikamua ndani ya kibuyu cha mama yake, mbele ya macho yote. Mama Kanga akaosha sufuria, akabandika tena. Safari hii maziwa yakafura, yakapanda, yakamwagika juu ya mafiga, moto ukalia chiii, harufu ikaenea hadi mtoni. Simba akanywa kikombe. Akaomba cha pili. Chini ya kikombe akaona vidoa vitatu vyeusi.

"Hivi ni nini?"

"Huo ndio usafi, Mtukufu. Ndio uliotaka kunipasulia kibuyu kwa ajili yake."

Mnadhani Simba alisema, "Nimekosa"? Wafalme hawana neno hilo. Alisafisha koo, akasema, "Nilikuwa nawajaribu tu."

Umma ukapiga makofi. Si nimewaambia, wale ni watu wa kupiga makofi.

Mama Kanga hakupiga. Alisema, "Mtukufu, na mwanangu je? Naye alikuwa akijaribiwa?"

Simba akainamisha kichwa. Hilo hakuwa na jibu lake, na kusema kweli hata mimi sina. Aliweza kutoa hukumu tu. Fisi akapelekwa Kilima cha Mawe, na hadi leo analala mapangoni, na hadi leo akiogopa anacheka hi hi hi. Paka akanyang'anywa ofisi na muhuri, akatimuliwa. Tangu siku ile anazunguka jikoni kwa watu, anangoja atupiwe tone, na mwanamke yeyote akimwona karibu na sufuria anamrushia ndara. Na mkimkuta amekaa juani anajiramba masharubu, anajiramba, anajiramba, msidhani ni usafi. Anafuta ushahidi.

Kisha Simba akauliza nani awe mkaguzi mpya. Bi Ng'ombe akasema, "Mchague asiyekunywa maziwa, Mtukufu. Na kila Jumatano naye atufungulie ofisi, tuangalie chini ya meza." Wakamchagua Kobe. Anakagua polepole, foleni ni ndefu, watu wanalalamika. Lakini vifaranga kumi na mmoja wa Mama Kanga walikua wote, na ndama alikula nyasi za mtoni mpaka akaota pembe. Mbili, si tatu.

Mafunzo yake, wajukuu zangu, shikeni na mahindi yenu: sheria ya usafi ni njema, lakini anayeishika lazima naye aonyeshe mikono yake. Na kabla hamjaamini muhuri, ulizeni kwanza, "Unakamua nani?"

Na lile paja la pundamilia lililooza, lililomharisha mtoto wa mfalme? Hakuna aliyelitaja hadi leo. Mimi ndiye wa kwanza, na ninyi msiniseme.

Hadithi nimeikamua yote, kiwele kimekauka. Anayetaka nyingine, kesho aje na nyasi. Sasa leteni hayo mahindi niyaone... Wewe! Umepukuchua punje ngapi, na umekula ngapi? Hebu fungua mdomo.